Shahidi Mzee na Homa Yake

Wanazuoni wa elimu ya Hadithi, elimu ambayo kwa karne nyingi imesomwa katika madrasa na misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja, wana istilahi maalumu kwa hali ya msimulizi aliyekuwa mwaminifu na mwenye hifadhi madhubuti katika ujana wake, kisha uzee ukamvuruga kumbukumbu. Hali hiyo huitwa ikhtilati, yaani kuchanganyikiwa, na msimulizi aliyefikwa nayo hatupwi moja kwa moja, bali huulizwa kila simulizi lake lilipokewa lini na lilipokewa na nani, kabla ya kuchanganyikiwa kwake au baada yake. Mfano unaotajwa sana ni Ata bin as-Saib wa mji wa Kufa, aliyefariki katika karne ya pili ya Hijra, ambaye riwaya zake zilizochukuliwa na wanafunzi wa mwanzo zilikubaliwa, ilhali zile za waliomwahi mwishoni mwa umri wake zilitiliwa shaka. Kanuni hiyo, ambayo haimheshimu mzee kwa uzee wake wala kumdharau kwa udhaifu wake, inafaa kuliko nyingine yoyote katika jambo linaloonekana kuwa mbali nayo kabisa, nalo ni matumizi ya kompyuta kuukuu zinazochemka katika kazi ya kujaribu programu.

Kujaribu programu ni kuiendesha kwa kusudi la kuifumania ikikosea. Anayejaribu huipa mashine msimbo, yaani maelekezo yaliyoandikwa na mtunzi wa programu, kisha husubiri mashine itoe ushahidi kwamba maelekezo hayo yametekelezeka au yamekwama. Tatizo la zama hizi ni kwamba mashahidi karibu wote wametoka nyumba moja. Kompyuta za mezani, za mpakato, seva zinazohudumia mitandao na simu za mkononi, karibu zote zinaendeshwa na prosesa, kile kipande cha silikoni kinachofanya hesabu, za ukoo wa x86 au wa ARM, na koo hizo mbili, pamoja na ushindani wake wa kibiashara, zinafanana katika tabia nyingi zinazomgusa mtunzi wa programu. Msimbo uliojaribiwa katika kompyuta mia moja za namna hiyo kwa hakika umejaribiwa mara moja na kurudiwa mara tisini na tisa. Mashine kongwe ya ukoo mwingine, hata ikiwa inakoroma na kutoa joto la kuoka mkate, huleta swali ambalo zile mia moja hazikuwahi kuuliza.

Tofauti iliyo rahisi kueleweka ni ile ya mpangilio wa baiti, baiti ikiwa ni fungu la tarakimu nane za sifuri na moja. Nambari 1,000 haienei katika baiti moja, kwa hiyo huhifadhiwa katika baiti mbili, moja yenye thamani 3 ambayo huhesabu mafungu ya 256, na nyingine yenye thamani 232 ambayo ni baki. Swali linabaki ni baiti gani itangulie. Msemaji wa Kiswahili ana mfano wa swali hilo mdomoni mwake kila siku, kwa maana neno ishirini limetoka kwa Waarabu, lakini Mwarabu husema tano na ishirini, akitanguliza kidogo, ilhali Mswahili amelichukua neno na kuukataa mpangilio wake, akasema ishirini na tano. Prosesa za x86 hutanguliza kidogo kama Mwarabu, na prosesa nyingi za zamani, zikiwemo za SPARC zilizotengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems na zile za Motorola zilizoendesha kompyuta za Amiga na Macintosh za mwanzo, hutanguliza kikubwa. Programu iliyoandikwa kizembe, ikidhani kwamba dunia nzima hutanguliza kidogo, itaisoma 1,000 katika mashine ya namna ya pili kuwa 59,395, na mtunzi wake hatajua kosa hilo maisha yake yote asipopata mashine ya kumwonyesha.

Mashine za SPARC zina ukali mwingine ulio na manufaa zaidi. Nambari ya baiti nne inatakiwa ikae katika anwani ya kumbukumbu inayogawanyika kwa nne. Ikikaa pengine, prosesa ya x86 huisoma tu bila kunung'unika, bali ya SPARC huisimamisha programu papo hapo. Ukali huo unaweza kuonekana kuwa kero, lakini mara nyingi nambari iliyokaa upande ni dalili kwamba programu imeshika kumbukumbu isiyokuwa yake, na kosa la namna hiyo katika mashine pole huendelea kuishi kimya kwa miaka, hadi siku atakapotokea mtu wa kulitumia kama mlango wa wizi. Mwalimu mkali huchukiwa na wanafunzi, ila ndiye wazazi wanayemtafuta.

Mradi unaolijua jambo hili kwa undani ni OpenBSD, mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia kompyuta na kuzibeba programu nyingine zote, ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995 na ambao makao yake ni Calgary, Kanada. Mradi huo una sharti ambalo wengine huliona kuwa ni ukaidi: kila toleo la kila aina ya mashine hujengwa ndani ya mashine ya aina hiyohiyo. Kujenga hapa ni kuupitisha msimbo katika kompaila, programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa maagizo ya prosesa, na kazi hiyo kwa mfumo mzima huishughulisha mashine kongwe kwa siku kadhaa mfululizo, ikiwa imepandisha joto lake lote. Wengi hukwepa mateso hayo kwa kuijenga programu ya mashine dhaifu ndani ya mashine yenye nguvu. OpenBSD hukataa, kwa hoja kwamba mashine ikijijenga yenyewe inakuwa imejaribu kompaila, kumbukumbu, diski na mfumo wenyewe kwa mkupuo mmoja. Gharama ya msimamo huo ilijulikana hadharani mwanzoni mwa 2014, mradi ulipoomba msaada kwa sababu bili ya umeme ya chumba cha mashine, takriban dola 20,000 kwa mwaka, ilikuwa imewaelemea. Wachangiaji walijitokeza, na pamoja na michango likaja swali lililorudiwa na wengi: kwa nini vyuma hivyo vya kale visitupwe, na mahali pake pakawekwa viigaji?

Kiigaji ni programu inayojifanya kuwa mashine nyingine, na kilicho mashuhuri zaidi ni QEMU, kilichotungwa na Fabrice Bellard na kutolewa mwaka 2003. Ni chombo cha ajabu, na ingekuwa dhuluma kukibeza, kwa kuwa leo mashine kadhaa zilizokwisha kutoweka madukani zinaendelea kuhudumiwa kwa sababu yake. Hata hivyo mwigaji huigiza anachokijua. QEMU hutekeleza maagizo ya prosesa kwa usahihi wa kutosha, lakini haiigi kumbukumbu ndogo za kasi zilizomo ndani ya prosesa, wala haifuatishi mwendo halisi wa saa yake, na yapo makosa ambayo huzaliwa humohumo, katika kupishana kwa kazi mbili kwa muda mfupi mno. Prosesa za Alpha, zilizotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1992, ziliruhusu uhuru mkubwa wa kupanguapangua zamu za kusoma kumbukumbu kiasi kwamba watunzi wa Linux, mfumo endeshi mwingine, walilazimika kuweka katika mfumo wao kizuizi maalumu kwa ajili yake peke yake. Tabia kama hiyo mwigizaji huisahau kwa urahisi. Na jambo la mwisho ambalo kiigaji hakiwezi kuliigiza ni kuugua.

Ugonjwa wenyewe ni joto, na unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kompyuta iliyopata moto huzima tu. Prosesa imejaa transista, swichi ndogo mno zinazofungwa na kufunguliwa kwa kufuata mapigo ya saa. Transista inapopata moto hupunguza wepesi, na mawimbi ya umeme yanayopita ndani yake huchelewa. Yakichelewa kidogo hakuna linaloharibika, lakini yakifika baada ya pigo la saa, hesabu huandikwa kabla ya jibu kuwasili, na jibu linaloandikwa ni la uongo. Katika kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, kila tarakimu ni chaji ndogo ya umeme inayovuja kama maji katika mtungi wenye ufa, nayo hujazwa upya kila baada ya milisekunde 64. Joto likizidi nyuzi 85 za Selsiasi uvujaji huongezeka kiasi kwamba viwango vya utengenezaji vinadai ijazwe mara mbili zaidi. Mashine isiyotimiza dai hilo itasahau. Haitazima wala haitatoa king'ora. Itaendelea kutoa ushahidi kwa sauti ileile ya uhakika, huku maneno yakiwa yamebadilika.

Hapa ndipo inapobidi kutofautisha udhaifu na uongo, tofauti ambayo maandishi mengi ya ufundi huipita haraka. Prosesa za Pentium 4, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2000, zilikuja na kinga ndani yake: zikipata moto kupita kiasi hupunguza mwendo zenyewe, na zikizidi zaidi hujizima. Baadhi ya prosesa za washindani wake wa wakati huo hazikuwa na kinga hiyo, na kipozeo kikibanduka ziliweza kuungua kwa muda mfupi kuliko wa kutamka Bismillahi kwa utulivu. Mashine inayopunguza mwendo ni shahidi dhaifu lakini mkweli, kwa kuwa hujibu polepole na jibu lake ni sahihi. Inapotumiwa kupima kama programu ni sahihi, haina dosari yoyote. Inapotumiwa kupima kasi, inapotosha vibaya, kwa sababu jaribio la kwanza hufanywa prosesa ikiwa baridi na la tano ikiwa imechoka, na mtunzi akalaumu badiliko aliloliingiza baina ya hayo mawili, ilhali wa kulaumiwa ni vumbi. Dawa yake ni kuifungia prosesa mwendo mdogo ambao inaweza kuuhimili kutwa nzima, hivyo kwamba vipimo vyote, vya asubuhi na vya adhuhuri, vinafanyika kwa hatua moja.

Kuhusu uongo, jamii ya Linux katika miaka ya 1990 iligundua kipimo chake bila kukitafuta. Watu waliokuwa wakijenga kiini cha mfumo huo, kazi ndefu inayotumia ramu kwa wingi, waliiona kompaila ikianguka na kutaja ishara namba 11, ambayo ni taarifa kwamba programu imegusa anwani isiyoruhusiwa. Wengi waliilaumu kompaila. Waliokuwa na subira walirudia ujenzi uleule na kutazama ilianguka wapi: ikianguka mahali palepale kila mara, kosa limo katika msimbo, ikianguka leo hapa na kesho kule, mkosaji ni chuma, aghalabu ramu au prosesa iliyopata moto. Mwenye kusema uongo hawezi kuurudia neno kwa neno.

Matibabu mengi ni ya kawaida na hayahitaji shahada. Vumbi likiwa limefumana baina ya mapezi ya bamba la alumini linalonyonya joto la prosesa, hewa haipiti, na feni huzunguka bure. Blowa na brashi humaliza jambo hilo kwa dakika chache. Pasti ya kupitisha joto, ile inayopakwa baina ya prosesa na bamba, hukauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, nayo inatakiwa ifutwe kabisa na kupakwa upya kwa tabaka jembamba, maana pasti nene ni blanketi. Feni iliyoanza kulia imekwisha beringi zake, na kuitia mafuta ni kuahirisha msiba kwa wiki chache. Kinachowashinda wengi ni kapasita, vile vikopo vidogo vinavyosawazisha umeme katika mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Kapasita ya kawaida yenye majimaji huahidiwa saa 2,000 katika joto la nyuzi 105, na kwa kanuni ya makadirio inayotumiwa na mafundi, kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 umri wake huongezeka maradufu, kwa hiyo katika nyuzi 65 itadumu saa 32,000, ambazo kwa mashine isiyozimwa hazifiki miaka minne. Kapasita iliyovimba kichwa hutoa umeme unaotetemeka, na umeme unaotetemeka huzaa makosa yaleyale ya kutangatanga yanayodhaniwa kuwa ya joto. Fundi wa Luthuli jijini Nairobi au wa Kariakoo jijini Dar es Salaam anaibadilisha kwa pasi ya kulehemu na kapasita nyingine iliyotolewa katika mazabodi mfu, na si haki kwamba ujuzi huo hauhesabiwi kuwa sehemu ya uhandisi wa programu.

Ipo njia nyingine isiyohitaji hata bisibisi. Joto la prosesa hulingana na kasi ya saa yake ikizidishwa kwa volteji iliyozidishwa kwa yenyewe, ndiyo maana volteji ikishushwa kwa asilimia 10 tu, joto hubaki asilimia 81 ya lile la awali, na kasi nayo ikipunguzwa, mashine iliyokuwa ikichemka hukaa kimya. Mzee akiruhusiwa kutembea badala ya kukimbia hufika, tena hufika na akili zake.

Hali ya hewa haipunguziki kwa njia hizo. Feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka pia juu ya silikoni. Katika pwani ya Afrika Mashariki majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta siku zinazopita nyuzi 32 na unyevu ambao, ukichanganyika na chumvi ya bahari, huotesha kutu ya kijani kwenye viunganishi vya shaba. Mashine iliyofaulu majaribio wakati wa kusi inaweza kuyashindwa miezi sita baadaye bila herufi moja ya msimbo kubadilika. Wengine huona suluhisho ni kuizima kila jioni ili ipumzike, lakini mashine si ng'ombe: kila inapopoa na kupata moto upya, metali zilizoshikanishwa kwa risasi ya kulehemu hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na viungo hupata nyufa. Heri kuiendesha usiku kucha kwa mwendo mdogo, umeme ukiruhusu, nao umeme, kama ijulikanavyo, una ruhusa zake.

Baada ya tiba zote hizo inarudi kanuni ya wanazuoni wa Hadithi. Taarifa ya jaribio kwa desturi huandika jina la programu, toleo lake, tarehe na neno limefaulu au limeshindwa. Kwa mashine kongwe hayo hayatoshi. Panatakiwa paandikwe pia joto la prosesa wakati jaribio lilipoanza na lilipokwisha, joto la chumba, na kasi ya saa iliyotumika, ili kila matokeo yajulikane yalitoka katika hali gani ya shahidi. Vipima joto vimo ndani ya mashine nyingi za miaka ishirini na mitano iliyopita, na kuvisoma ni amri ya mstari mmoja. Kumbukumbu hizo zikilundikana kwa miezi, mpaka wa ikhtilati hujichora wenyewe, kwa mfano kwamba mashine fulani ni ya kuaminika hadi nyuzi 78 na kwamba yote iliyoyasema juu ya hapo yanahitaji shahidi wa pili. Hapo hakuna haja ya kuitupa. Inabaki na kazi katika mipaka yake, na hata makosa yake ya siku za nyuma yanaweza kupekuliwa upya na kutenganishwa, ya msimbo yakarudishwa kwa watunzi na ya joto yakafutwa.

Si kila chuma cha kale kinastahili gharama hiyo. Kompyuta ya mezani ya mwaka 2004 inayotumia prosesa ya x86, ikiwa haina tofauti ya tabia na mpya isipokuwa uvivu, inakula wati mia moja na zaidi kuthibitisha kile ambacho kikompyuta cha ukubwa wa kadi kingethibitisha kwa wati tano. Inabaki na hoja moja tu ya kuitetea, nayo ni kwamba inafanana na ile ya mtumiaji. Shule na ofisi nyingi kutoka Bujumbura hadi Tanga zinaendeshwa na mitumba iliyopitia Dubai au Ulaya, na mtunzi anayejaribu kazi yake katika mashine mpya yenye ramu tele hajui kwamba programu yake, ikifunguliwa huko, humwacha karani akitazama skrini nyeupe mpaka chai ipoe. Kwa watunzi wanaouza kazi zao kwa watu hao, mashine moja ya namna hiyo iliyowekwa kando ya dirisha ni mteja ambaye hajalipa nauli kuja kulalamika.

Mwisho wa mashine hizi huamuliwa zaidi na upungufu wa watu kuliko wa vipuri. Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 katika kompyuta yenye prosesa ya Intel 386, na Desemba 2012 yeye mwenyewe alikubali msimbo wa prosesa hiyo uondolewe, kwa kuwa kuutunza kuliwasumbua watunzaji kuliko ulivyowafaa watumiaji. Debian, mkusanyiko mkubwa wa programu zinazoambatana na Linux, uliiacha familia ya Motorola 68000 nje ya toleo lake rasmi la Aprili 2007, baada ya mashine hizo kushindwa kwenda sambamba na wingi wa programu za kujengwa, ingawa wapenzi wake wameendelea kuitunza pembeni hadi leo, safari hii wakitegemea viigaji kwa sehemu kubwa. Huko Calgary mmoja wa wazee hao alikuwa VAX, aina ya kompyuta iliyoletwa na kampuni ya Digital mwaka 1977, na OpenBSD 5.9, iliyotolewa Machi 2016, ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutolewa kwa ajili yake. Kwa mujibu wa sharti la mradi, toleo hilo nalo halikujengwa na kijana yeyote kwa niaba yake. VAX ililijenga yenyewe, faili kwa faili, kwa mwendo wake, na kazi ilipokamilika ikaliweka katika diski pamoja na mengine.